Kuosha gari Tanga bila kuichubua rangi: mwongozo kamili

Uchafu wenyewe hauichubui rangi ya gari. Kinachoichubua ni mkono unaousugua uchafu huo kabla maji hayajauondoa. Shika hilo kwanza, maana maswali mengine yote, kuanzia sabuni ipi, mashine au ndoo, nyumbani au kwa vijana wa kuosha magari, yanajibika kwa kuuliza jambo moja: mpaka kitambaa kinagusa bodi, mchanga utakuwa umebaki kiasi gani?

Kwa kipimo hicho, njia mbaya kuliko zote ndiyo tunayoiona kila alfajiri kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni. Gari limelala nje, limelowa umande. Mwenyewe anatoka na fulana kuukuu, anafuta boneti, paa na vioo, anakung'uta, anaondoka na gari linalong'aa. Hajatumia hata kikombe cha maji. Umande ule umeshika vumbi la jana pamoja na chumvi ya upepo wa baharini. Ni mwingi kiasi cha kulifanya vumbi linate, lakini ni mdogo mno kulisafirisha lianguke chini. Fulana inapopita inaukokota mchanga kutoka kioo hadi taa. Mtu akifanya hivyo kila siku mwaka mzima, gari jeusi linageuka la kijivu, kisha lawama inaenda kwa jua la Tanga au kwa aliyemuuzia gari. Dasta kavu ya pale kijiweni inafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba ina mpini.

Unalinda kitu gani

Magari mengi ya leo yana praima, yaani rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi wanaliita klia. Klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi, wakati unywele wa kichwani ni kama mikroni 70. Ndani ya klia ndimo kinga ya jua ilimowekwa. Mchanga wa kawaida, kwa upande wake, una ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs kinachoishia 10, na unaweza kukikwaruza hata kioo. Kwa hiyo usitegemee kwamba klia itashinda pambano hilo kwa kuwa tu sabuni ni nzuri.

Fundi anapokwambia mikwaruzo inatoka kwa polishi, anasema kweli, ila inatoka kwa kulipunguza lile tabaka mpaka chini ya mkwaruzo ulipofika. Huwezi kufanya hivyo kila mwaka. Na gari la mtumba kutoka Japani huenda lilishapigwa polishi nzito huko au bandarini kabla hujaliona, kwa hiyo unaanza na akiba usiyoijua.

Kuna magari yasiyo na klia kabisa. Toyota nyingi nyeupe zenye namba ya rangi 040, na nyeusi za namba 202, zilipakwa tabaka la rangi peke yake, lisilofunikwa. Namba hiyo utaiona kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mbele ya herufi C/TR. Nyeusi ya 202 inajulikana kwa ulaini wake. Hata taulo chafu kidogo inaiacha na alama. Kama huna uhakika, weka tone la polishi kwenye kitambaa cheupe usugue polepole mahali pasipoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, ama klia haikuwapo, ama imeisha. Gari la namna hiyo lioshwe kwa mkono mwepesi.

Ili kujua umeshapoteza kiasi gani, subiri usiku, washa tochi ya simu uielekeze kwenye boneti safi. Mikwaruzo ya kuoshea huonekana kama utando wa buibui unaozunguka mwanga. Fanya hivyo kabla hujabadilisha njia ya kuosha, halafu rudia baada ya miezi michache, uone kama umeongezeka.

Tazama uchafu kabla ya kuchagua njia

Watu huchagua njia ya kuosha kwa bei au kwa ukaribu. Chagua kwa ulikotoka.

Ukiwa umezunguka mjini tu, kutoka Raskazone kule ufukweni hadi sokoni, gari lina vumbi jepesi na chumvi. Chumvi haiunguzi rangi nzima; inatafuta mahali palipogongwa na kokoto, ukingo wa mlango, chini ya bampa, inavuta unyevu na kuanzisha kutu. Hapo unahitaji maji mengi na mara nyingi kuliko unavyohitaji kusugua. Kwa gari linalolala karibu na bahari, kulimwagia maji safi katikati ya wiki bila kuligusa, pamoja na chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, kunasaidia kuliko kuliosha kwa nguvu siku ya Jumapili peke yake.

Ukiwa umeshuka kutoka milimani Amani siku ya mvua, au umepita barabara za ndani ya mashamba ya mkonge, una tope jekundu. Likikauka lina mchanga ndani yake na linashika kwelikweli. Hilo ni la mashine ya presha, halijadiliwi. Ndoo peke yake haitoshi, hata uwe na kitambaa cha hariri.

Saruji ni habari nyingine. Ukifuatana na malori yanayotoka kiwanda cha saruji cha Pongwe, au ukiegesha karibu na ujenzi, vumbi lake hukaa juu ya rangi likisubiri unyevu. Umande mmoja unatosha kulianzisha kuganda, na likiwa na maji linakuwa na ukali wa chokaa. Usilifute, wala usilinyunyizie maji kidogo. Mwaga maji mengi mfululizo siku hiyohiyo. Likishaganda vipele, chukua siki nyeupe, changanya nusu kwa nusu na maji, lowesha kitambaa ukilaze juu ya doa dakika moja au mbili, kisha suuza sana. Ukiona haliachii, mpelekee fundi. Usikwangue kwa kucha.

Njia zilizopo, na ninavyozipima

Ndoo moja na tambara moja ndiyo njia ya wengi, na kasoro yake ni moja: kila unaporudisha tambara ndoani, mchanga ulioutoa unaupandisha tena. Ufumbuzi ni ndoo ya pili, na bei yake unaijua.

Mashine ya presha ni nzuri kwa kazi ya kwanza, yaani kung'oa uchafu bila kugusa. Inadhuru ikikaribishwa mno. Tundu la bomba liwe umbali wa sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye bodi, na maji yatoke yakiwa yametanuka, yasiwe mshale mmoja. Mshale unang'oa klia palipo na ufa, unachana raba za madirisha, na unasukuma maji ndani ya taa. Gari lililopuliziwa rangi juzi lisipelekwe presha mpaka mwezi upite, na suala la kupaka nta muulize fundi rangi aliyelipulizia, maana rangi mpya huhitaji kupumua wiki kadhaa kabla ya kufunikwa.

Povu la kunyunyizia si mapambo. Linalainisha vumbi na kuliteremsha. Likiachwa dakika tatu hadi tano kivulini kisha likasuuzwa, mkono unabaki na kazi ndogo. Ila povu linalofutwa na kitambaa palepale, kabla ya kusuuzwa, ni sabuni ya gharama kubwa iliyotumika bure.

Zipo dawa za kunyunyizia na kufuta bila maji. Kwa vumbi jepesi la siku moja kwenye gari lenye nta, na kwa taulo nyingi safi, zinakubalika. Kwa uchafu wa pwani na wa mashambani, hapana.

Na mtoni? Kuingiza gari majini au kuliosha ukingoni kunaonekana rahisi, lakini maji yenyewe yana mchanga, na mafuta ya gari yanaishia kwa wanaochota mbele. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mpaka wa mita 60 kutoka vyanzo vya maji kwa shughuli zinazoweza kuvidhuru. Sisi wa Tanga tunakunywa maji ya mto Sigi kutoka bwawa la Mabayani, kwa hiyo hili linatuhusu moja kwa moja.

Mvua kubwa ya masika hailioshi gari, lakini inakufanyia nusu ya kazi. Ikikatika, uchafu umekwisha kulainika. Toka saa hiyo na ndoo zako kabla jua halijarudi kuuchoma.

Kuosha nyumbani, hatua kwa hatua

Tafuta haya: ndoo mbili za bodi na nyingine ya magurudumu, glavu ya kuoshea ya maikrofaiba, kitambaa kingine cha sehemu za chini, brashi laini ya magurudumu, taulo kubwa mbili za maikrofaiba za kukaushia, na shampuu ya gari. Sponji bapa achana nayo kama unaweza. Mchanga unakaa kati yake na rangi, wakati manyoya ya glavu yanaumeza. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, inaondoa nta na inakausha raba na plastiki nyeusi. Sabuni ya vyombo haitatoboa rangi, lakini nayo inabeba nta yote, kwa hiyo itumie pale tu unapotaka kuondoa nta ya zamani ili upake mpya.

Maji yatakayotosha ni madumu matatu au manne ya lita 20 kwa gari dogo, kama huna mpira wa maji. Mchanga wa ndoani utadhibitiwa na kifaa cha jikoni: chukua chujio la plastiki lenye matundu, la kuchujia tambi, lipindue uliweke ndani, kwenye kitako cha ndoo ya kusuuzia. Glavu unaisugua juu ya chujio, mchanga unapita kwenye matundu na kutulia chini, hauinuki tena.

Kwanza, egesha kivulini na uache bodi ipoe. Gari jeusi lililosimama juani saa saba mchana linazidi nyuzi 60, na sabuni inakauka kabla hujaisuuza. Asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi na moja ndio wakati wake. Kivuli cha mwembe nacho kina gharama yake, nitaigusa mbele.

Pili, anza na magurudumu. Hayo ndiyo machafu zaidi, yana unga wa breki, na ukiyaacha mwisho utayarushia maji machafu kwenye milango uliyokwisha kuisafisha. Brashi na ndoo ya magurudumu visiguse bodi kamwe. Usitumie nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, rimu nazo zina klia.

Tatu, mwagia gari lote maji kutoka paani kushuka, bila kugusa. Chukua muda hapa kuliko mahali pengine popote. Kama huna mpira, mwaga kwa kata polepole, maji yateleze yakisukuma vumbi, usiyarushe kwa mbali. Sehemu zilizo chini ya mstari wa vitasa zimwagie mara mbili. Acha dakika chache, mwagia tena.

Nne, tia shampuu kwenye ndoo moja kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuzidisha hakusafishi zaidi, kunakupa tu kazi ya kusuuza. Ndoo nyingine ina maji matupu. Chovya glavu kwenye sabuni, osha nusu ya paa kwa mistari iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, usizungushe mkono. Halafu isugue glavu kwenye ndoo ya maji matupu, juu ya lile chujio, ikamue, ndipo urudi kwenye sabuni. Rudia kwa kila kipande: paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango. Uzito wa glavu yenyewe unatosha. Ukihisi unakandamiza, uchafu huo haujalainika, urudishie maji.

Tano, nusu ya chini ya milango, bampa na vizingiti vioshwe mwisho kwa kile kitambaa kingine. Glavu ikianguka chini, imeishia hapo kwa siku hiyo. Usiisuuze ukaendelea nayo. Hili ndilo kosa la watu makini.

Sita, suuza. Mwishoni toa kichwa cha mpira, acha maji yatiririke kwa upole kutoka paani, yatateremka kama shuka moja na kuacha matone machache ya kufuta.

Saba, kausha mara moja. Tandaza taulo juu ya boneti, ivute kwako taratibu. Pale padogo kandamiza tu, usisugue. Fungua milango na buti ufute kingo za ndani, maana chumvi ya Raskazone hukaa humo na kutu huanzia humo.

Ukilipeleka kwa vijana

Si kila mtu ana nafasi wala maji ya kuoshea nyumbani, na mashine yao ina nguvu usiyonayo. Fika, usishuke haraka, tazama gari la mtu mwingine likioshwa. Angalia kitambaa kilichotoka kwenye rimu kinakwenda wapi. Angalia kama taulo zimelazwa mchangani, na kama maji ya ndoo yamebadilishwa tangu gari lililopita. Sakafu iwe ya zege au kokoto; penye mchanga mtupu, presha inaurusha juu ya gari lako.

Njia ninayoipendekeza ni ya nusu kwa nusu: wao watoe tope kwa presha na povu, wewe ulete glavu yako na taulo zako. Wengine wataona unajidai. Sema mapema na kwa adabu, kabla maji hayajafunguliwa:

"Mdogo wangu, naomba uanze na maji mengi chini na kwenye magurudumu, bomba likae mbali kidogo. Kwenye bodi tumia hii glavu yangu. Rimu tumia vya kwako."

"Poa bosi, na dizeli nipige?"

"Hapana, usipige dizeli. Nitakuongezea cha soda."

Dizeli inayopakwa chini ya gari na kwenye tairi inang'aa siku moja, kisha inashika vumbi lote la barabara na kuzilegeza raba. Mafuta ya taa yana kazi moja tu ya halali hapa: matone ya lami. Lowesha pamba kidogo, gusa tone mpaka lilegee, futa, kisha osha mahali hapo kwa shampuu papo hapo.

Injini isipigwe presha. Jenereta ya kuchajia betri, soketi za nyaya na koili havipendi maji ya mshale, na gari likigoma kuwaka saa hiyo hakuna wa kumdai.

Madoa meupe, kunguru na mwembe

Chini ya sehemu kubwa ya eneo letu kuna mawe ya chokaa, ndiyo yaliyozaa mapango ya Amboni. Kwa hiyo maji ya visima vingi ni magumu: hayatoi povu upesi, na yakikauka juani yanaacha vizingo vyeupe. Ukiosha kwa maji ya kisima, suuza ya mwisho ifanye kwa dumu la maji ya bomba au ya mvua uliyokinga, halafu kausha bila kungoja. Vizingo vilivyokwisha kukaa vinatoka kwa ile siki ya nusu kwa nusu, kipande kwa kipande, kivulini, na usuuze vizuri. Vikikaa miezi vinaula uso wa klia wenyewe, hapo siki haifiki.

Kinyesi cha kunguru hakisubiri Jumapili. Kina tindikali, na jua linailainisha klia huku likikikausha kinyesi juu yake, hivyo kinaacha kovu ndani ya siku moja tu wakati wa kaskazi. Weka kwenye gari chupa ya maji na kitambaa safi. Lowesha, acha dakika mbili, kinyanyue kwa kukibana, usikivute. Utomvu wa mwembe nao utoe ukiwa bado mbichi kwa maji ya vuguvugu na shampuu. Ukikauka, spiriti kidogo kwenye pamba, dakika chache, kisha osha.

Nta

Gari safi lisilo na nta linashika uchafu upesi na linahitaji kusuguliwa zaidi. Nta ya mkebe kwa joto letu huisha ndani ya mwezi mmoja au miwili. Zile za kisasa za maji zinazotengenezwa kiwandani huvuka miezi minne. Paka tabaka jembamba kwenye gari lililooshwa na kukauka, kivulini, futa likianza kuwa na ukungu. Kabla hujanunua, soma mkebe: ukiona imeandikwa kwamba inaondoa mikwaruzo, hiyo ni polishi yenye mchanga laini ndani yake, nayo inapunguza klia kila unapoipaka. Inayofaa kupakwa mara kwa mara ni isiyokuwa na mchanga huo.

Kujua kama nta bado ipo, mwaga kata moja ya maji kwenye boneti. Yakijikusanya matone ya mviringo na kuteleza, bado ipo. Yakitambaa na kulala bapa, imekwisha, paka tena kabla ya masika.